Santuri ya Dar iliyozaliwa Lusaka

MSIKILIZAJI mmoja wa Litembo, wilayani Mbinga, ameniletea swali fupi: hivi Tanzania iliwahi kuwa na bendi ya rock? Anasema vijana wenzake humcheka kila anapoligusa jambo hilo. Wanamwambia rock ni muziki wa Wazungu wenye nywele ndefu, hauna kwao huku. Jibu ni ndiyo, iliwahi kuwa nayo, tena bendi hiyo iliacha santuri ndefu yenye jina ambalo mzee yeyote aliyelelewa na misheni ya Litembo akilisikia atageuza shingo. Santuri inaitwa Ave Africa. Bendi ni Sunburst ya Dar es Salaam. Mwaka ni 1976.

Neno Ave sina haja ya kulifafanua kwa watu wa Umatengo, ambao wameimba Ave Maria tangu siku za Wabenediktini. Ni salamu ya Kilatini. Vijana wa mjini, wenye magitaa ya umeme na suruali pana chini, walichukua salamu ya kanisani wakaipeleka kwa bara zima la Afrika. Hilo peke yake linaonyesha kwamba hawakuwa watu wa kuiga tu.

Tuanze na mahali walipotoka. Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Ukiutazama mwaka huo kwa makini utaona kwamba haukuwa mwaka mwepesi kwa kijana anayependa muziki wa nje. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeanza Operesheni Vijana, ile iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua ngozi. Novemba mwaka huo huo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wakati huo Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, akapiga marufuku muziki wa soul. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Vijana nao wakaandika barua magazetini wakiuliza utamaduni wa taifa ni upi hasa, na kwa nini muziki wa Wamarekani weusi uwe adui wakati muziki wa dansi unaochezwa kila Jumamosi nao una asili ya Cuba na Kongo.

Swali hilo lilikuwa zuri, na mimi sijasikia likijibiwa sawasawa hadi leo.

Basi, katika hali hiyo ndipo walipojikusanya hawa: Hembi Flory Kongo kwenye gitaa, James Mpungo akiimba, Kassim Magati kwenye kinanda, Bashir Idi Farhan kwenye gitaa la besi na Johnny Rocks kwenye dramu. Walichokifanya kilikuwa na akili. Hawakusema wanapiga rock, wala hawakusema wanapiga soul. Waliupa muziki wao jina lao wenyewe, wakauita Kitoto. Wapenzi wa dansi wanafahamu maana ya jambo hilo. Kwetu bendi isiyo na mtindo wake ni kama mtu asiye na kabila. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, na baadaye, baada ya mwaka 1978, Mlimani Park wakaja na Sikinde. Kwa hiyo Sunburst waliingia katika mila ya dansi kwa mlango wa mbele, wakiwa na mtindo uliosajiliwa midomoni mwa watu, ingawa ndani ya mtindo huo kulikuwa na gitaa linalonguruma, kinanda cha soul na midundo ya ngoma zetu.

Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa kati yao na wakubwa wa dansi, nayo ni ya kiuchumi. Bendi nyingi zilizodumu wakati ule zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Vijana wa soul na rock hawakuwa na mwajiri wa namna hiyo. Gitaa likiharibika ni lao, spika ikiungua ni yao, na usiku ambao watu hawakuja ukumbini hakuna wa kuwafidia.

Sasa nieleze kuhusu santuri, maana vijana wa leo wanapakua nyimbo kwenye simu na hawajui kwa nini tunasema santuri ndefu. Zilikuwapo za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye tundu kubwa katikati, iliyozunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande uliingia wimbo wa dakika tatu au nne hivi. Ndiyo maana nyimbo za dansi, ambazo kwa kawaida ni ndefu, zilikatwa mapande mawili: sehemu ya kwanza upande wa mbele, na sehemu ya pili, ile yenye chemko la magitaa, upande wa nyuma. Katikati ya utamu unainuka kwenda kugeuza sahani. Ya pili ndiyo santuri ndefu, iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande ulibeba dakika ishirini hivi. Bendi iliyopewa santuri ndefu ilipewa dakika arobaini za kusema ilichonacho, polepole, kwa mpango, wimbo mmoja ukiandaa njia ya mwingine.

Kwa Tanzania, kupewa nafasi hiyo kulikuwa bahati kubwa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kugandamiza santuri. Ulikuwapo mpango wa kujenga kimoja chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania, lakini haukufika mahali pa kutoa bidhaa. Tulichokuwa nacho ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia pale, ikapiga kwa pamoja kama iko ukumbini, sauti zikanaswa kwenye utepe, nyimbo zikapelekwa hewani. Msikilizaji wa Litembo alizipata kwenye redio ya betri sawa na msikilizaji wa Ilala. Lakini hakuweza kuzinunua dukani, kwa sababu utepe ule ulibaki redioni. Televisheni nayo Bara hatukuwa nayo hadi mwaka 1994. Mwanamuziki aliyetaka santuri ilimbidi asafiri, na kwa kawaida safari ilikuwa ya Nairobi, penye studio, viwanda na wafanyabiashara wa muziki.

Sunburst waliirekodi Ave Africa Lusaka, nchini Zambia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Zambia ya miaka ya sabini ndiyo iliyokuwa nyumba ya rock Afrika Mashariki na Kati. Miji ya migodi ya shaba, Kitwe, Chingola na Ndola, ilikuwa na vijana wenye mishahara, wenye gramafoni, wanaosikiliza muziki wa Uingereza na Marekani. Fedha ya shaba ilinunua magitaa na ampilifaya. Kundi la WITCH, lililoongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, lilitoa santuri ndefu yake ya kwanza, Introduction, mwanzoni mwa miaka hiyo, na inatajwa kuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za rock ya Zambia kuuzwa madukani. Wakafuata Musi-O-Tunya wa Rikki Ililonga, Amanaz waliotoa santuri yao Africa mwaka 1975, na wengine wengi. Muziki huo ukapewa jina la Zamrock.

Rais Kenneth Kaunda, kwa upande wake, aliagiza asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Wazambia. Linganisha agizo hilo na marufuku ya Dar es Salaam. Viongozi wote wawili walikuwa wanalinda utamaduni wa nchi. Tofauti ni kwamba Zambia iliuliza nani anapiga, na Dar es Salaam iliuliza anapiga nini. Ukiuliza nani anapiga, kijana wa Kitwe mwenye gitaa linalonguruma ni Mzambia, kwa hiyo anaingia redioni. Ukiuliza anapiga nini, kijana wa Kariakoo mwenye gitaa hilo hilo anakuwa mtuhumiwa. Sisemi kwamba agizo la Kaunda lilikuwa kamilifu. Agizo la redio halimlishi mwanamuziki peke yake. Lakini matokeo yanaonekana: Zambia ilipata makumi ya santuri za rock. Sisi, katika Bara zima, tunaihesabu hii moja kwanza, halafu tunaanza kukuna kichwa.

Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Mawazo ya watu wa Dar es Salaam yalikuwa yameelekea kusini magharibi, mpaka kwa wenzetu wa shaba. Na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na njia ya zamani ya kwenda Nairobi ikawa ngumu kwa kila bendi. Ukitazama kwa macho ya baadaye, waliokwenda Lusaka walikuwa wametangulia hatua moja.

Sasa turudi kwenye swali la wale vijana wa Litembo wanaocheka. Wanasema rock haina kwao huku. Nawaomba waende kutazama mganda.

Kwa msomaji wa mjini asiyeujua, mganda ni ngoma ya wanaume inayochezwa Umatengo na kandokando ya Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay kwenda Liuli na Lituhi, na ng'ambo ya ziwa huko Malawi ambako huitwa pia malipenga. Wachezaji hujipanga mistari, wamevaa nadhifu, wanakwenda kwa hatua za gwaride. Kuna ngoma kubwa, na kuna vibuyu vinavyopulizwa kwa sauti ya mtu. Leo mganda unaitwa ngoma ya asili, na wageni wakubwa wakija wilayani unatangulizwa mbele. Lakini asili yake ni nini? Ni bendi za kijeshi za Waingereza, zile za King's African Rifles. Vijana wetu waliziona baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakachukua gwaride, wakachukua vyeo, wakachukua tarumbeta, na kwa kuwa tarumbeta za shaba hazikupatikana wakatengeneza za vibuyu. Beni ya Pwani ina hadithi inayofanana na hiyo. Kwa hiyo mzee anayecheza mganda na kumlaani kijana mwenye gitaa la umeme anamlaani mjukuu kwa kosa alilolifanya babu.

Na kuna jambo jingine ndani ya vile vibuyu. Kwenye kibuyu cha mganda kuna tundu lililozibwa utando mwembamba, na zamani utando huo ulikuwa wa buibui. Mpulizaji anapotoa sauti, utando unatetemeka na sauti inatoka na mkwaruzo, kama nyuki wameingia ndani. Mkwaruzo huo unatakiwa. Bila huo kibuyu kinaambiwa kimekufa. Wagogo nao hufanya vivyo hivyo kwenye ilimba zao, wanaweka utando ili sauti ivume na kukwaruza. Yaani sikio la watu wetu, kwa vizazi, limependa sauti iliyochafuliwa kwa makusudi.

Gitaa la rock linafanya nini? Linachafua sauti kwa makusudi. Fundi anakilazimisha kipaza sauti kibebe nguvu kuliko uwezo wake, au anakanyaga kidude kidogo chini ya mguu kinachofanya kazi hiyo. Mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na katika kukatwa huko zinazaliwa sauti nyingine ndogo ndogo juu ya ile ya kwanza. Sikio linasikia ngurumo. Kidude kingine, kile ambacho mguu hukipandisha na kukishusha, hulifanya gitaa liseme kama mdomo unaofunguka na kufunga. Magitaa ya dansi la Dar es Salaam hayakupenda sana mambo hayo. Yalipenda sauti safi, kavu, inayotiririka, waliyojifunza kwa Wakongo. Kwa hiyo ukiniuliza, kati ya gitaa safi la rumba na gitaa la kunguruma, lipi liko karibu zaidi na kibuyu cha Umatengo, nitakujibu bila kusita kwamba ni hilo la pili.

Ndiyo maana ukiisikiliza Ave Africa leo haikushangazi kwa ugeni wake. Kinachokushika ni jinsi mambo yanavyokaa pamoja. Zimo nyimbo kama Enzi za Utumwani na Simba Anguruma, zenye majina ya Kiswahili yasiyohitaji mkalimani, na nyingine zimeimbwa Kiingereza. Hapo nitasema ukweli wangu: zile za Kiswahili ndizo zinazosimama. Mpungo anapoimba kwa lugha yake sauti inatulia, maneno yanapata uzito. Anapohamia Kiingereza naona bendi inaanza kuangalia dirishani, kama mtu anayesubiri mgeni. Haikuwa dhambi yao peke yao. Kila bendi ya rock ya Kiafrika ya wakati ule, kuanzia WITCH na kuendelea, ilipigana na swali hilo hilo la lugha, kwa sababu santuri ndefu ilikuwa tiketi, na wapigaji walitumaini kwamba tiketi hiyo ingewafikisha London.

Ilifika London, lakini kwa kuchelewa miaka arobaini. Santuri ndefu ya pili haikupatikana; Ave Africa ikawa ya kwanza na ya mwisho. Nakala zilizokuwapo zikatawanyika. Wakusanyaji wa Ulaya wanaotafuta sahani adimu za Afrika wakaanza kuziwinda, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya, pamoja na nyimbo nyingine za bendi hiyo za miaka ya 1973 hadi 1976. Hivyo kijana wa Berlin aliweza kuinunua dukani kabla ya kijana wa Magomeni kujua kwamba ipo.

Patrick Balisidya na Afro 70 nao wana habari ya namna hiyo. Mwaka 1979 ilitoka Sweden santuri ndefu iitwayo Bado Kijana, waliyoipiga pamoja na kundi la rock la huko, Archimedes Badkar. Wangapi kati yetu tunaomkumbuka Balisidya tumewahi kuishika mkononi? Na wenzetu wa Zambia walipata pigo kubwa zaidi: bei ya shaba ilishuka katikati ya miaka ya sabini, fedha ikakauka, kisha UKIMWI ukawachukua wapigaji wengi. Katika WITCH ya mwanzo amebaki Jagari. Baada ya dunia kuzigundua upya santuri zao alirudi jukwaani na wapigaji wapya, na mwaka 2023 wakatoa santuri nyingine, Zango.

Kuna anayeuliza: fedha za matoleo haya mapya zinakwenda kwa nani? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo nyimbo za 1976 zina wenyewe, na kama mtunzi amefariki zina warithi. Shida kubwa iko kwenye ushahidi. Mikataba mingi ya wakati ule ilikuwa ya mdomo, au karatasi moja iliyobaki kwa mwenye studio. Mrithi anayetaka kudai anaulizwa: una nini kinachoonyesha kwamba baba yako alitunga, au alipiga besi? Mara nyingi kitu pekee kinachoweza kumjibu ni mfuko wa santuri, ule wa karatasi ngumu, na lebo ya duara katikati ya sahani. Jina la mtunzi liko pale, kwa maandishi madogo, ndani ya mabano.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia kutoka Litembo, ukienda kwa mjomba ukakuta rundo la sahani juu ya kabati, usizichukulie kama takataka. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine maana zitapinda, na usiziweke karibu na dirisha linalopigwa na jua. Vumbi liondoe kwa kitambaa laini na maji safi yenye sabuni kidogo sana, ukifuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha lebo. Mfuko uliochanika usiutupe. Uweke kando na upige picha maandishi yake ya mbele na nyuma. Na kama kati ya sahani hizo ipo iliyoandikwa Sunburst, niletee habari hapa redioni kabla hujamuuzia mtu yeyote.